Ukoko Juu ya Utando: Namna Protini Inavyosafishwa Hadi Ikawa Dawa

Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto huko Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa maji mazito ya rangi ya kahawia yaliyotokana na kongosho la mnyama. Kisukari kilikuwa kimemkondesha hadi akabaki na kilo 30 hivi. Sukari yake ilishuka kidogo tu, na pale sindano ilipoingia pakavimba jipu. Madaktari wakasimamisha tiba. Siku 12 baadaye wakamdunga tena, na mara hii sukari ikashuka kwelikweli, akachangamka, nguvu zikaanza kurudi. Aliishi miaka 13 mingine.

Insulini ilikuwamo katika sindano zote mbili. Kilichotofautiana ni uchafu uliofuatana nayo. Katika siku zile 12 mkemia James Collip alikuwa amegundua kwamba ukimimina alkoholi kidogo kidogo ndani ya yale maji ya kongosho, protini nyingine huganda na kuzama mapema, insulini ikabaki juu. Ukiyaondoa hayo mashapo, kisha ukazidisha alkoholi hadi kupita asilimia 90 hivi, insulini nayo huzama, ikiwa karibu peke yake.

Banting na Best, waliogundua insulini, wanajulikana na wengi. Collip hatajwi sana, na huo ndio msiba wa fani nzima ninayotaka kuieleza hapa. Kila dawa ya protini, iwe insulini, chanjo au kingamwili ya saratani, huzalishwa kwanza kisha husafishwa. Kuzalisha ndiko kunakopigwa picha na kuandikwa magazetini. Kusafisha hufanyika kimya ndani ya mabomba ya chuma cha pua, na huko ndiko sehemu kubwa ya gharama na ya akili za wahandisi huishia.

Vijiko viwili vya chai

Tufuate dawa moja tangu inapotoka kwenye seli hadi inapoingia kwenye chupa. Nimechagua trastuzumab, ambayo wagonjwa wengi waliijua kwanza kwa jina la Herceptin. Hutibu ile saratani ya matiti ambayo seli zake zimejaa protini iitwayo HER2 juu ya ganda lake. Trastuzumab ni kingamwili, yaani protini yenye umbo kama herufi Y, iliyoundwa ishike HER2 na isiachie. Marekani iliiidhinisha mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 ikapitisha kwa mara ya kwanza trastuzumab iliyotengenezwa na kampuni nyingine, si ile ya mwanzo. Wakati huo WHO ilieleza kwamba dawa ya kampuni ya mwanzo iligharimu wastani wa dola 20,000 kwa mwaka, na kwamba zile zinazofanana nayo kwa kawaida huwa nafuu kwa asilimia 65.

Sasa tazama kiasi chenyewe. Mama wa kilo 70 hupewa miligramu 8 kwa kila kilo ya uzito wake katika dozi ya kwanza, kisha miligramu 6 kwa kila kilo kila baada ya wiki 3. Kwa dozi 18 za mwaka mzima hiyo ni gramu 7.7. Ingekuwa sukari, visingejaa vijiko viwili vya chai.

Bei ya vijiko hivyo viwili ina sababu nyingi. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kutengeneza peke yake, na nguvu ya soko vina fungu lao kubwa, na anayesema ni gharama ya kiwanda tu haelezi ukweli wote. Lakini hata hataza zikiisha, bado lazima mtu aweze kuitengeneza ikiwa safi, na hapo ndipo viwanda vingi hukwama.

Trastuzumab hutolewa na seli zilizopandikizwa maelekezo yake ya vinasaba. Ni seli za ovari ya hamsta wa Kichina, uzao ulioanzishwa na Theodore Puck huko Colorado mwaka 1957, na wazao wa seli hizo bado wanagawanyika hadi leo katika matangi ya dunia nzima. Tangi moja kubwa huwa na lita 10,000 au zaidi. Seli hulishwa sukari na oksijeni kwa muda wa wiki mbili hivi, nazo humwaga kingamwili ndani ya maji yanayozizunguka. Tuseme tumepata gramu 3 kwa kila lita. Ndani ya tangi basi mna kilo 30 za dawa.

Ila huwezi kuichota. Humo mna seli hai na seli zilizokufa zikapasuka. Mna DNA yao, inayoteleza kama ute wa bamia. Mna mamia ya aina za protini za hamsta ambazo mwili wa binadamu ukiziona utazishambulia. Mna dawa ya kuzuia povu, sukari iliyobaki, chumvi, na kingamwili zenyewe zilizoshikana mbili mbili au tano tano zikaharibika. Mna chembe zinazofanana na virusi, kwa sababu hamsta hubeba mabaki ya virusi vya kale ndani ya vinasaba vyake. Katika chupa ya mwisho, DNA hairuhusiwi kuzidi nanogramu chache kwa dozi, na protini za hamsta kwa kawaida hutakiwa ziwe chini ya sehemu 100 katika sehemu milioni.

Punje ya mchele na nyumba yake

Ili kuelewa kwa nini kazi hii ni ngumu, tukuze kila kitu mara 600,000. Kingamwili, yenye upana wa nanomita 10 hivi, inakuwa na urefu wa punje ya mchele. Seli iliyoitoa inakuwa na mita 9, sawa na nyumba. Bakteria anafika sentimita 60, kama debe kubwa. Virusi vya kundi la zile chembe za hamsta vinakuwa kama yai. Virusi vidogo kabisa vinavyohofiwa, vya jamii ya parvo, vinakuwa kama punje ya hindi. Chumvi na sukari zinakuwa chembe za mchanga.

Kutenga mchele na nyumba si tatizo. Huanza mashine ya kuzungusha kwa kasi, ndugu wa ile inayotenga krimu na maziwa viwandani, nayo hutupa seli pembeni. Mabaki madogo hunaswa na kichujio kinene cha nyuzi zilizochanganywa na diatomaiti, udongo mweupe wa maganda ya viumbe wadogo wa majini, wa aina ileile inayochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil nchini Kenya. Kichujio hicho hakina tundu lenye kipimo kimoja. Ni kichaka. Uchafu unaingia, unapinda kona, unanasa, na mwingine unagandia tu kwa chaji ya umeme. Kikijaa hutupwa.

Kutenga mchele na mchanga ni kazi ya chekecheke. Kutenga mchele na hindi kunahitaji chekecheke la kupimwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini namna gani utatenga mchele na mchele? Protini za hamsta nyingi zina ukubwa unaokaribiana na wa kingamwili. Hapo hakuna tundu litakalosaidia, na ndiyo maana utando, yaani ile ngozi nyembamba ya kuchujia, peke yake hautoshi kutengeneza dawa.

Suluhisho hutoka kwa adui. Bakteria Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu, ana protini iitwayo Protini A, ambayo hushika mguu wa kingamwili ili kuzivuruga. Wahandisi waliichukua silaha hiyo, wakaifunga kwenye punje ndogo za resini na kuzijaza ndani ya mnara wa chuma. Maji ya tangi yakipitishwa humo, kingamwili hukamatwa na karibu kila kitu kingine huteremka. Kisha hupitishwa asidi, mshiko hulegea, dawa hutoka ikiwa safi kwa zaidi ya asilimia 95. Hatua moja! Resini hiyo huuzwa kwa maelfu ya dola kwa lita, kwa hiyo hutumiwa tena na tena, mizunguko zaidi ya mia, na kila mara husafishwa kwa uangalifu kama chombo cha urithi.

Ile asidi ina faida ya pili. Dawa ikiachwa humo kwa saa moja hivi, virusi vyenye ganda la mafuta hufa. Baadaye hupita minara mingine miwili kwa kawaida, inayotenga kwa chaji, na huko DNA, kingamwili zilizoshikana na Protini A iliyobanduka huondolewa. Minara hiyo ina elimu yake ndefu. Mimi nataka kurudi kwenye utando, kwa sababu hapo ndipo watu wengi, hata wanafunzi wa uhandisi, huingia na picha isiyo sahihi kichwani.

Bibi, kifumbu na tui

Picha isiyo sahihi ni hii: utando ni kichujio chenye matundu, madogo hupita, makubwa hubaki, basi. Aliyewahi kukamua nazi anajua mambo hayaendi hivyo.

Bibi yangu alikuna nazi kwenye mbuzi, akaimwagia maji ya uvuguvugu, kisha akaitia kwenye kifumbu. Mwanzoni tui lilimwagika kwa wingi. Baada ya muda mfupi likawa linadondoka. Matundu ya kifumbu hayakuwa yamepungua hata moja. Machicha ndiyo yalikuwa yamejipanga juu yake, na sasa tui lilipaswa kupenya machicha kwanza. Ukikamua kwa nguvu zaidi, machicha hushindiliana zaidi. Bibi hakushindana nayo. Alikigeuza kifumbu, akakitikisa, machicha yakasogea, tui likaanza tena.

Kwenye utando wa kuchujia protini jambo hilohilo hutokea, ila machicha hayaonekani. Maji yakisukumwa kuelekea kwenye utando huja na protini. Maji hupita, protini hubaki mlangoni. Dakika chache tu, pale juu ya uso wa utando pana tabaka jembamba lenye protini nyingi kupita kiasi, karibu kuganda. Mimi huliita ukoko, maana linafanana kabisa na ule unaobaki chini ya sufuria ya wali. Baadhi ya protini hujaribu kurudi nyuma kwenye maji yenye nafasi, lakini hutembea polepole mno. Mwisho hupatikana uwiano: zinazoletwa na maji ni sawa na zinazofanikiwa kuondoka. Tangu hapo kasi ya uchujaji inaamuliwa na ukoko, na utando wenyewe hauna sauti tena.

Matokeo yake yanashangaza kila anayeyaona mara ya kwanza. Unaongeza shinikizo, maji yanaongezeka. Unaongeza tena, yanaongezeka kidogo. Unaongeza mara ya tatu, hakuna kitu. Nguvu yote ya ziada imeishia kunenepesha ukoko. Ukichora shinikizo upande mmoja na mtiririko upande mwingine, mchoro unapanda, unapinda kama kiwiko, kisha unalala. Mwendeshaji mzuri hufanya kazi hapo kwenye kiwiko. Akipita hapo anaanza kuumiza dawa bila kupata hata lita moja ya ziada.

Kwa hiyo maji hayasukumwi kuelekea kwenye utando moja kwa moja. Hupitishwa juu yake, sambamba nao, kwa kasi, kama mto unaopita juu ya mchanga. Sehemu ndogo tu hupenya kushuka chini; iliyobaki huendelea na safari, hurudi kwenye tangi na kuja tena, mara nyingi. Mkondo huo wa pembeni hukwangua ukoko usiwe mnene. Ndilo tikiso la bibi, likifanywa na pampu bila kupumzika. Tando zenyewe hupangwa kama kurasa za kitabu ndani ya kaseti, na kati ya kurasa huwekwa wavu mwembamba unaovuruga maji yasitambae kwa utulivu.

Uchujaji huu wa protini kwa utando huitwa ultrafiltresheni. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Heinrich Bechhold mwaka 1907, lakini kwa miongo mingi kazi hiyo ilibaki ya maabara kwa sababu tando zilikuwa nene na maji yalipita kwa shida. Mlango ulifunguliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Mnamo 1960 hivi, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, walitengeneza utando wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Siri yake ilikuwa umbo: ngozi nyembamba mno juu, inayofanya kazi yote, na chini yake sponji yenye matundu makubwa ya kuibeba tu. Ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanaokunywa maji ya bahari yaliyosafishwa kwa tando wanakunywa matunda ya ugunduzi huo. Alan Michaels, aliyeanzisha kampuni ya Amicon mwaka 1962, aliuchukua mtindo wa ngozi na sponji akaupeleka kwenye protini, na yeye na wenzake ndio walioeleza kwa hesabu kwa nini ukoko hushinda shinikizo.

Kuoga bila kupungua

Baada ya minara, dawa yetu iko safi lakini iko mahali pasipofaa. Imo ndani ya chumvi na asidi zilizotumika kuitenga, tena ni nyepesi, labda gramu 10 kwa lita. Inatakiwa iwe nzito na ihamie kwenye maji mengine yenye uchachu sahihi na sukari ya kuilinda. Utando unafanya yote mawili. Huchaguliwa wenye kipimo cha kilodaltoni 30 (kilodaltoni hupima uzito wa molekuli), wakati kingamwili ina 148 hivi, ili kuwe na nafasi ya usalama, maana matundu ya utando hayalingani kama ya chekecheke la dukani. Maji na chumvi hupita, dawa hubaki na kuzidi kukolea.

Ili kubadilisha maji, huongezwa maji mapya juu kwa kasi ileile ambayo yale ya zamani yanatoka chini. Kimo cha tangi hakibadiliki. Ukishapitisha ujazo mmoja wa tangi, chumvi ya zamani imebaki asilimia 37. Ujazo wa tatu, asilimia 5. Ujazo wa saba, chini ya asilimia 0.1. Kazi hii wanaiita diafiltresheni.

Lini uoshe, kabla ya kukoleza au baada? Hapa pana uzuri ambao ningependa kila mwanafunzi aupitie kwa penseli yake. Ukiosha dawa ikiwa nyepesi, tangi limejaa, na ujazo saba ni bahari ya maji. Ukisubiri hadi ikolee sana, ujazo ni mdogo lakini ukoko ni mnene na maji hayapiti. Tuseme ukoko huganda kwenye gramu 300 kwa lita. Kwa hesabu ya Michaels, mtiririko hufuata logi asilia (ile ya msingi wa 2.718) ya 300 ukigawanya kwa ukolezi uliopo. Dawa ikiwa na gramu 10 kwa lita jibu ni 3.4. Ikifika 100 ni 1.1. Ikifika 150 ni 0.69, yaani maji yanapita kwa moja ya tano tu ya kasi ya mwanzo. Ukitafuta mahali ambapo jumla ya muda ni mfupi kuliko kote, unapata 300 kugawanya kwa 2.718, ambayo ni gramu 110 kwa lita. Basi unakoleza hadi hapo, unaosha, ndipo unamalizia kukoleza. Namba halisi hubadilika kwa kila dawa na kila kiwanda, lakini umbo la jibu ni lilelile.

Miaka ya karibuni suala hili limekuwa gumu zaidi kwa sababu nzuri. Trastuzumab ya zamani huingizwa kwa dripu, na dozi ya kwanza huchukua dakika 90. Ipo sasa ya kudungwa chini ya ngozi kwa dakika chache: miligramu 600 ndani ya mililita 5. Kwa mama anayetoka mbali kuja hospitali ya rufaa, hiyo ni tofauti kati ya kupoteza siku nzima na kuwahi basi la mchana. Lakini mililita 5 hizo ni gramu 120 kwa lita. Kwa kukolea hivyo protini zinasuguana, zinanata, maji yanaanza kwenda kama asali. Pampu hutaabika. Protini kwa kuwa zina chaji huvuta au kufukuza baadhi ya chumvi kuvuka utando, na uchachu wa mwisho unatofautiana na wa yale maji uliyooshea. Tena tone zito lililobaki ndani ya bomba sasa lina dawa nyingi, na kulitoa humo bila kuizimua upya ni sanaa.

Protini pia haipendi hewa. Pale maji yanapokutana na hewa, kingamwili hutandazika, hufunguka umbo lake, kisha hushikana na jirani. Povu ni uwanja mpana wa mikutano kama hiyo. Ndiyo maana pampu ikivuta hewa kiwandani watu hukimbia, na ndiyo maana muuguzi anayeandaa Herceptin ya unga anaelekezwa aizungushe chupa taratibu, asiitikise. Maelekezo hayo yamejengwa juu ya kemia ileile inayomnyima usingizi mhandisi wa utando.

Punje ya hindi

Utando mwingine katika safari hii una kazi moja tu, kuzuia virusi. Asidi iliua vyenye ganda la mafuta, lakini jamii ya parvo haina ganda hilo. Kwa hiyo dawa hupitishwa kwenye utando wa nanomita 20 hivi, unaotakiwa kupitisha mchele na kuzuia hindi. Nafasi ya makosa ni ndogo kuliko mahali pengine popote. Kabla ya kuaminiwa, utando wa namna hiyo hujaribiwa kwa kumiminiwa virusi vya panya kwa makusudi, na hutazamiwa uvipunguze mara 10,000 au zaidi. Humu hakuna mkondo wa pembeni. Dawa husukumwa moja kwa moja, kwa sababu imeshasafishwa kiasi kwamba ukoko hauna cha kujengea, na kama kingamwili zilizoshikana zimebaki nyingi, ni utando huu unaofichua siri kwa kuziba.

Hofu ya virusi ina historia. Juni 2009, kiwanda cha kampuni ya dawa ya Genzyme cha Allston, mjini Boston, kilisimamisha uzalishaji baada ya kukuta virusi vya Vesi 2117 kwenye matangi yake. Virusi hivyo havikujulikana kuwadhuru watu. Viliathiri ukuaji wa seli za hamsta. Lakini kiwanda kilifungwa na kusafishwa chote, na wagonjwa wa magonjwa mawili adimu, Gaucher na Fabry, wakapungukiwa dawa duniani kwa muda mrefu. Inaelekea viliingia na lishe ya seli. Tangu hapo viwanda vingi vimeanza kuweka ulinzi wa virusi hata kwenye maji yanayoingia tangini, kabla seli hazijawekwa.

Hesabu ya kupoteza

Kila hatua inakula kidogo. Dawa inabaki kwenye resini, kwenye ukoko, kwenye kona za bomba. Ukihifadhi asilimia 95 katika kila hatua kati ya saba, mwisho unabaki na asilimia 70. Kilo zetu 30 zimekuwa 21, na hizo zinatosha wagonjwa 2,700 hivi kwa mwaka. Ukihifadhi asilimia 90 kila hatua, zinabaki kilo 14, na wagonjwa karibu 900 wametoweka bila ajali yoyote kutokea. Wameishia kwenye maji ya kuoshea. Ninapomsikia mtu akisema asilimia 5 ni kitu kidogo, huwafikiria hao 900.

Safari inafika mwisho kwenye kichujio cha mikromita 0.2, mlangoni mwa chumba cha kujazia chupa. Kingamwili haiwezi kuchemshwa, kwa hiyo bakteria huondolewa kwa kuchujwa. Zamani kipimo kilichoaminiwa kilikuwa 0.45. Katika miaka ya 1960 Frances Bowman, wa mamlaka ya dawa ya Marekani, aliona bakteria akiota kwenye maji yaliyokwisha kupita humo. Alikuwa mdogo kuliko watu walivyodhani bakteria anaweza kuwa. Bakteria huyo, ambaye leo huitwa Brevundimonas diminuta, akageuzwa kuwa mtihani: kichujio cha 0.2 humiminiwa milioni 10 wa jamii yake kwa kila sentimita ya mraba, na hatakiwi kupita hata mmoja.

Huwezi kumimina bakteria kwenye kichujio kitakachopitisha dawa ya watu. Basi baada ya chupa ya mwisho kujazwa, kichujio huoshwa, huloweshwa, na upande mmoja husukumwa hewa. Maji yaliyomo kwenye matundu huishikilia hewa isipite, na tundu likiwa dogo zaidi hushikilia kwa nguvu zaidi. Shinikizo hupandishwa polepole, hupita upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo, hufika zaidi ya bari 3. Mwendeshaji anatazama mshale. Chupa zote zimekaa kwenye chumba cha baridi, nyuzi 2 hadi 8, hazina ruhusa ya kwenda popote mpaka ijulikane kiputo cha kwanza kimetoka kwenye shinikizo gani.